Namba ya Uzi

Marehemu Bugumba aliniachia vitu vitatu vya uvuvi
na kwa macho yangu vilikuwa seti moja:
fimbo ngumu kama mchi,
rili ndogo inayolala kiganjani,
na mshipi mnene wa kumtoa majini sangara wa kilo thelathini
hata akigoma, hata akiapa.

Miaka miwili vilikaa nyuma ya kabati.
Mimi niliendelea na cherehani yangu pale Makoroboi,
nikigeuza kola, nikibana viuno vya magauni
ya watu walioahidi kulipa mwisho wa mwezi.

Fundi analijua hili kabla hajalijua jina la mteja:
sindano ya jinzi haishoni hariri.
Uzi mnene ukiulazimisha tundu jembamba
unaota manyoya, unapukutika, unakatika
palepale ulipoutegemea.
Ukikaza mno, kitambaa kinakunja uso.
Ukilegeza, kule chini panajifunga kiota cha ndege.

Kwa hiyo siku niliposimama majabalini Luchelele
nikarusha, na kile kisamaki cha plastiki,
uzito wake vifungo viwili vya koti,
kikaanguka karibu na vidole vyangu vya miguu,
sikulilaumu ziwa.
Nilicheka. Kosa lile tunajuana.

Mafuru, muuza nyavu wa Kirumba,
aliitazama fimbo akiwa amefumba jicho moja.
"Mama Kabula, hii ni ya kung'olea visiki.
Chambo chepesi kitaisalimia mpaka jioni, haitaitika."
Akanitolea nyingine, ya mkono wa pili,
pete moja imeungwa kwa gundi,
ncha yake inatikisika ukiipulizia.
Nikamshonea wanawe kaptula mbili za shule,
hesabu tukaifunga hapo.

Mshipi nilichagua mwenyewe.
Niliupitisha midomoni, kama ninavyopima uzi
kabla ya kuutunga: mwembamba, wa kilo mbili, bila kovu.
Mafuru akaguna, "Huo utakuacha njiani."
Nikamwambia, unaokatika si mwembamba,
unaokatika ni wa mtu asiyejua breki yake iko wapi.

Rili ilikuwa ileile ya marehemu.
Haikuwa na ubaya, iliozwa vibaya tu.
Nikaitia tone la mafuta ya cherehani,
nikaujaza mshipi hadi karibu na ukingo,
usifurike, usipwaye. Bobini ni bobini.

Jumamosi alfajiri, mawe yana baridi bado,
mnandi amekaa juu ya jabali, mabawa wazi
kama koti lililosahauliwa kwenye hanga.
Nikarusha.
Sikusikia kishindo. Nilisikia mshipi ukitoka,
sss, mlio wa mkasi ukifuata chaki,
na mbali, mbali kuliko nilivyostahili,
tone.

Nazungusha. Natulia. Nazungusha.
Ncha inanisimulia huko chini:
hapa jiwe, hapa magugu, hapa mchanga,
kama kidole kinavyosoma pindo gizani umeme ukikatika.
Kisha neno moja ambalo si jiwe.

Fimbo ikainama yote, hadi kwenye kiwiko changu.
Rili ikatoa mshipi kidogo kidogo, ikilalamika kwa adabu.
Sikuvuta. Akaenda, akarudi, akaenda,
na zile nguvu zake zikagawanywa,
fimbo ikabeba zake, breki zake, mshipi zake,
mimi nikabakiwa na za kuhema.

Alikuwa sangara mdogo, hajafika kipimo,
mrefu kuliko mkasi wangu mkubwa kwa vidole vitatu.
Nikamchomoa ndoano, nikamshika tumbo majini
mpaka mkono wangu ukamchosha, akaondoka bila kuaga.

Sasa nyuma ya nyumba, Bugumba,
mshipi wako mnene ndio kamba yangu ya kuanikia,
na ile fimbo yako ndiyo nguzo inayouinua.
Jana nilianika mablanketi matano yakiwa yanachuruzika.
Haukulegea. Haikupinda.
Kumbe hao wawili walikuwa wakipatana siku zote.